Mpaka Swali Lirudi

Mtu wa kwanza kuikataa kazi niliyoifanya vizuri alikuwa Mwalimu Mkuu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kujifundisha kompyuta kwa kusimama nyuma ya watu kwenye steshenari moja ya Kaloleni, nikitazama vidole vyao mpaka mwenye duka akachoka kunifukuza akanipa kiti. Shule ya msingi niliyosoma, huku juu ya Ngaramtoni, ilikuwa inatafuta kijana wa kuchapa matangazo ya wazazi. Nikachapa la kwanza, la kikao. Nikalizungushia mpaka wa maua, nikaweka kichwa cha habari chenye kivuli, nikanyoosha mistari pande zote mbili. Nililisoma mpaka maneno yakapoteza maana, kisha nikampelekea.

Alilishika mbali na mwili, kama mtu anayeshika shati la mtoto lililolowa.

"Umepamba," akasema. "Sasa habari iko wapi?"

"Ipo hapo chini ya salamu, Mwalimu."

"Chini ya salamu. Mama anayekamua ng'ombe atafika huko lini?"

Niliondoka nikiwa nimekasirika, na nikiwa na uhakika kwamba yuko sahihi, na vitu hivyo viwili nimeendelea kuvibeba pamoja kila ninapomkumbuka.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sijui, na kila niliyemuuliza hakujua. Tulimwita Mwalimu Mkuu tu. Tangu astaafu shule imepata mkuu mwingine, mtu mpole na mchapakazi, lakini wazazi wanamwita Mkuu Mpya, na nadhani atastaafu akiwa bado mpya. Jina la cheo lilimng'ang'ania yule wa kwanza, akaondoka nalo.

Ili mtu aelewe alivyokuwa, ni lazima kwanza alijue korongo.

Linashuka kutoka Mlima Meru na kukata eneo letu katikati. Shule iko upande mmoja, na nusu ya watoto wanatoka upande wa pili, ambao tunauita ng'ambo. Karibu mwaka mzima korongo ni mawe makavu. Mbuzi wanashinda humo, watoto wanavuka wakirushiana kokoto. Lakini mvua ikinyesha juu mlimani, maji yanashuka bila kutuma salamu. Pale shuleni jua linaweza kuwa linawaka, nguo zinakauka kwenye uzio, na korongo linanguruma. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuoanisha vitu hivyo viwili. Anaona jua, anaenda nyumbani.

Kwa hiyo Mwalimu Mkuu alikuwa na sheria ya mvua. Mlima ukifunika kwa mawingu, mtoto wa ng'ambo haondoki shuleni. Anakaa darasani na mwalimu wa zamu mpaka maji yapungue na mtu mzima wa kwao avuke, aje, amchukue mkono kwa mkono. Maneno machache. Lakini yalitakiwa yawe kichwani mwa kila mama, kila bibi, kila mjomba anayekaa na mtoto, maana nyumba moja tu isiyojua inatosha. Hilo ndilo lililomfanya asitulie. Matangazo mengine yote, ya sare, ya chanjo, ya uandikishaji wa darasa la awali, ya zamu za kuleta kuni za uji, aliyatangaza kana kwamba anafanya mazoezi ya lile moja.

Hakuamini karatasi. Alisema barua iliyopewa mtoto ina maadui wengi kuliko sungura. Alishaiona barua ya shule imefungiwa karanga sokoni. Alishaiona imewashiwa moto. Kuna mama aliyemletea nusu ya barua na kumwambia kwamba nusu nyingine ameila mbuzi, na Mwalimu Mkuu akamuuliza kwa utulivu mbuzi alikula juu au chini, kwa sababu tarehe ilikuwa chini.

Badala ya karatasi alitumia vinywa. Asubuhi, tukiwa mstarini, alisema habari mara moja, polepole. Kisha tukairudia wote. Kisha akamwita mtoto yeyote, mara nyingi yule aliyekuwa anacheza na kifungo cha shati, aiseme peke yake. Hapo ilikuwa haijaisha. Tulipeleka habari nyumbani kwa mdomo, na kesho yake kila mtoto alitakiwa kurudi na swali kutoka kwao. Hakutaka sahihi, hakutaka dole gumba. Alitaka swali. Mlangoni mwa darasa tulipanga foleni, kila mmoja akisema, "Kwetu wameuliza..."

Aliyesema kwao hawana swali aliambiwa, "Basi kwenu hawajasikia. Rudia leo."

Msemo wake ulikuwa huo: asiye na swali hajasikia. Alisema habari ikiingia kwenye nyumba kweli inagonga kitu. Inagonga ng'ombe wa mtu, siku ya soko ya mtu, mguu mbovu wa bibi wa mtu. Ikigonga, mtu anauliza. Isipogonga kitu, imepita dirishani.

Maswali yenyewe yalikuwa ya kila aina, na yeye aliyajibu yote kabla ya kengele ya mapumziko. Kuna baba aliyeuliza kama siku ya kikao anaweza kuja na dume lake la ng'ombe, kwa kuwa anatoka kikaoni anaenda nalo mnadani. Walimu wakacheka. Mwalimu Mkuu hakucheka. Alijibu kwamba dume lifungwe nje ya uzio, upande wa kivuli, na mwenyewe akae karibu na mlango. Baba alikuja. Dume lilikuja. Kikao kilienda vizuri, isipokuwa kila azimio lilipopita, dume lilitoa sauti.

Sisi watoto tulijifunza kutunga. Nami nilitunga sana. Mama yangu alikuwa anauza ndizi mbivu Ngaramtoni, anarudi miguu imevimba, na nikimpa habari ya shule alikuwa akisema, "Waambie sina swali, nataka kulala." Ningesemaje hivyo mlangoni? Nikatunga kwamba mama anauliza kama kwenye kikao kutakuwa na soda.

Mwalimu Mkuu alinitazama. "Hilo ni swali la mtoto," akasema. "Mama yako ana mengine. Leo usimpe habari akiwa amesimama. Ngoja avue viatu."

Nikangoja avue viatu. Mama akauliza kama anaweza kuingia kikaoni akiwa na beseni lake, maana hana wa kumwachia. Nilipolileta swali hilo, Mwalimu Mkuu aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea alichokuwa anakisubiri. Aliruhusu beseni.

Ninakiri kwamba nilikuwa mtoto wa hofu. Usiku wa kabla ya foleni nililirudia swali langu kitandani. Sijui kama wasiwasi wangu aliuanzisha yeye au aliukuta. Mpaka leo nikituma ujumbe wa shule ninausoma upya baada ya kuutuma, nikitafuta kosa ambalo siwezi tena kulirekebisha. Nikifunga ofisi narudi kushika kufuli. Nimewahi kurudi kutoka barabarani kwa ajili ya nukta. Watu wananiambia nipumzike. Huwa nawauliza wanapumzikaje, na hawajawahi kunieleza vizuri.

Yeye naye hakupumzika, lakini kwa namna nyingine. Mimi wasiwasi wangu unanikalisha, wake ulimtembeza. Jumapili alisubiri nje ya kanisa la Walutheri mpaka matangazo ya ibada, akaingia, akasema lake, akatoka. Ijumaa alikuwa barabarani karibu na msikiti, amesimama pembeni kwa adabu, akingoja waumini watoke. Katikati ya wiki alienda mashineni, kwa sababu alisema kila nyumba inakula ugali, hata isiyosali. Nilimsindikiza siku moja nikiwa nimebeba matangazo yangu, ambayo wakati huo yalikuwa hayana maua tena. Mashine ilikuwa inasaga, vumbi la unga limejaa, wanawake wamekaa juu ya magunia.

"Zima," alimwambia msagaji.

Msagaji akaweka mkono sikioni.

"Zima mashine."

Akazima. "Mwalimu, si unaiona hii foleni?"

"Foleni ndiyo iliyonileta."

Akasema habari yake kwa Kiswahili, kisha kwa Kimaasai, kwa kuwa mabibi wengi wa ng'ambo Kiswahili chao ni cha sokoni tu. Akasubiri maswali. Akayajibu. Kisha akamwambia msagaji awashe, na huyo akawasha akinung'unika kwamba siku hizi anasaga mahindi na darasa pamoja. Matangazo niliyobeba hakuyagusa. Njiani nilimuuliza kwa nini aliniambia niyachape.

"Ili wewe uijue habari," akasema. "Ukishaichapa unaijua. Sasa yatupe."

Sikuyatupa. Ninayo.

Nimesema alikuwa sahihi, lakini alikuwa mgumu pia, na sitaki kumchora laini. Aliwakatiza watu. Walimu vijana walimwogopa na mmoja aliomba uhamisho. Simu hakupokea, alikuwa nayo, ndogo ya vitufe, ikilia mkobani mpaka ikachoka. "Anayenitaka anajua nilipo," alisema, jambo ambalo halikuwa kweli, kwa kuwa alikuwa kila mahali. Meseji hakusoma. Nilipoanzisha kundi la wazazi kwenye simu alinitazama nikimwonyesha tiki mbili za bluu, nikieleza kwa furaha kwamba hizi maana yake mtu amesoma.

"Amesoma au amefungua?"

"Ni kitu kimoja, Mwalimu."

"Mlango wangu uko wazi sasa hivi. Nani ameingia?"

Nilikereka siku nzima.

Na kuna neno moja lililomlainisha, moja tu. Nililiona siku ambayo uandikishaji wa darasa la kwanza ulikuwa umeshafungwa. Alikuja baba mmoja na binti yake, sare mpya, viatu vimepakwa mafuta. Mwalimu wa zamu akamwambia amechelewa, habari ilitangazwa kanisani, msikitini, mashineni.

"Mimi sikuambiwa," baba akasema. Alikuwa ametoka kuchunga mbali, huko tambarare, na midomo ilikuwa imempasuka kwa upepo.

"Uliambiwa, mzee. Kila mtu aliambiwa."

"Sikuambiwa."

Sauti zikaanza kupanda. Mwalimu Mkuu akatoka ofisini. Nilitegemea amkatize kama alivyokatiza kila mtu. Badala yake alimvutia benchi.

"Hukuambiwa," akasema. "Keti nikuambie."

Akaanza upya, tangu mwanzo, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, sheria ya mvua, kana kwamba ndiyo siku ya kwanza ya uandikishaji. Binti akaandikwa. Baadaye mwalimu wa zamu alilalamika kwamba amedhalilishwa mbele ya mzazi. Mwalimu Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Ukimthibitishia mtu kwamba aliambiwa, wewe umeshinda na mtoto amebaki nje." Tangu siku ile sikumsikia hata mara moja akibishana na neno hilo. Mtu akisema hakuambiwa, basi hakuambiwa. Kosa lilikuwa la habari, na habari ilikuwa yake.

Ajabu ni kwamba yake mwenyewe hakuyatangaza. Alipofiwa na dada yake tulijua kwa sababu alivaa viatu vyeusi wiki nzima. Ukimuuliza kama anaumwa, anakujibu, "Endelea kuandika." Hata kustaafu kwake. Ilikuwa Ijumaa ya kawaida, mstarini. Alisema zamu za kufagia zimebadilika. Alisema wenye chanjo waje na kadi. Alisema, "Na Jumatatu mtapokelewa na mwalimu mwingine." Tukarudia wote, watoto na mimi, Jumatatu tutapokelewa na mwalimu mwingine. Tulidhani ni likizo. Alihamia Kisongo, kwenye nyumba ambayo hatukujua kama anaijenga, karibu na uwanja wa ndege. Hakuna aliyeuliza swali. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko inavyonifaa.

Tangu hapo habari za wazazi zikawa kazi yangu. Mkuu Mpya ana mengi, na mimi nina simu, kompyuta ya shule na ugonjwa wangu wa kusoma kitu mara nyingi. Niliamini naweza kuwa bora kuliko yeye. Nilitaka njia isiyo na tundu.

Halafu daraja likajengwa. Ni daraja la miguu, jembamba, juu ya korongo karibu na zahanati. Kamati ya shule ikakaa na kubadili sheria ya mvua. Sasa mlima ukifunika, watoto wa ng'ambo hawasubiri darasani. Mwalimu anawapanga mstari, anawapeleka mpaka darajani, wanavuka, na mtu mzima wa kila nyumba anawapokea upande wao, kwenye geti la kanisa. Ni sheria nzuri. Ila ina sharti moja: kila nyumba iijue. Mzazi anayeshika sheria ya zamani atakaa kwake akingoja maji yapungue, na mtoto wake atakuwa amesimama getini peke yake, kisha ataanza kwenda nyumbani kwa njia ya vijikorongo vidogo ambavyo havina daraja. Afadhali sheria mbaya moja kuliko nzuri mbili.

Nilifanya kila kitu. Nilituma kwenye kundi. Niliwafuata wasio na simu za kufungua picha. Nilitumia hata foleni yake ya maswali, na maswali yakaja, nikajibu. Ilibaki nyumba moja, ya bibi mmoja anayekaa juu kabisa ng'ambo na wajukuu zake. Nilimtumia habari kwa jirani, na jirani akarudi na jibu: "Amesema amesikia." Bila swali. Nikakosa raha. Siku ya soko Ngaramtoni nikashuka kumtafuta, kwa sababu anakuja kuuza njegere.

Sikumwona bibi. Nilimwona Mwalimu Mkuu.

Alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, karibu na mama anayeuza magadi, na wanawake wamemzunguka wakiwa na mizigo yao. Amekonda kidogo. Mkoba ni uleule. Nikasogea huku moyo umefurahi, nikamsikia anamwambia mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni:

"Mlima ukifunika usikimbilie korongo. Ngoja nyumbani. Maji yakipungua, vuka, umchukue darasani, mkono kwa mkono."

"Nimesikia, Mwalimu," mama akasema. "Na nikichelewa mpaka jioni?"

"Atakuwa na mwalimu wa zamu. Hataachwa."

Swali limeulizwa, limejibiwa. Ilikuwa kazi safi, kama zamani. Na kila neno lilikuwa la sheria iliyokufa.

Nilisimama pale kati ya magunia ya karoti. Nilikuwa nimeiambia kila nyumba. Nilikuwa nimemwambia msagaji, mchungaji, imamu, mwenye duka la mbegu. Aliyewafundisha wote kusikiliza sikumwambia.

Akaniona. "Huyu hapa mtoto wa maua," akawaambia wanawake, nao wakacheka bila kujua wanacheka nini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Bado unasoma tangazo mpaka linachakaa?"

"Bado, Mwalimu. Naomba tuongee pembeni kidogo."

"Kuhusu nini?"

"Habari ya shule."

"Habari ya shule haina pembeni. Sema."

Wanawake wakageuka wote. Kumsahihisha mtu aliyekufundisha kushika penseli, mbele ya watu aliowafundisha yeye, ni kitu ambacho mwili wangu haukutaka kufanya. Hata hivyo nikasema, polepole, kama mstarini: daraja, zahanati, mstari, geti la kanisa. Habari kwanza, salamu zilikuwa zimeshapita.

Nilipomaliza, yule mama kijana akasema kwa aibu, "Hiyo ya daraja tuliiona kwenye simu. Ila Mwalimu alipoanza kutueleza, tukajua imeshabadilishwa tena."

"Kumbe," akasema mama wa magadi.

Mwalimu Mkuu alikuwa anatazama mkoba wake. Akaufungua, akaufunga. "Sawa," akasema. "Nimesikia."

Nikangoja.

"Sina swali," akasema. "Unaweza kwenda, mwanangu."

Ningeenda. Siku nyingine yoyote ningeenda, na ningekaa nyumbani nikijitafuna. Lakini niliiona akilini njia ya vijikorongo na mtoto getini peke yake, na sikuweza kusogea.

"Mwalimu," nikasema, "asiye na swali hajasikia."

Mama wa magadi alifunika mdomo na kanga. Sijui kama alikuwa anacheka au anaogopa kwa niaba yangu. Mwalimu Mkuu aliinua uso.

"Swali ninalo," akasema. "Kwa nini mimi sikuambiwa?"

"Tulimwambia kila mwenye mtoto shule..." nikaanza, na nikasikia nilichokuwa nasema, na nikakatiza. Hana mtoto shuleni. Hajawahi kuwa naye hata mmoja, kwa hesabu ya kundi langu la simu. Watoto wote walikuwa wake. Nikatafuta sababu nyingine: kwamba hapokei simu, kwamba hasomi meseji, kwamba Kisongo ni mbali. Zote zilikuwa za kweli na zote zilikuwa za yule mwalimu wa zamu.

"Hukuambiwa, Mwalimu," nikasema.

Mwalimu Mkuu akasimama, akashika bega la mama wa magadi apate kunyooka.

"Kuna bibi, koko mmoja, ameondoka hapa sasa hivi," akasema. "Ana karai la bluu na fimbo. Wajukuu wake wako ng'ambo, juu kabisa. Ameondoka na habari yangu. Mfuate. Hawa nitawaambia mimi."

Alikuwa ndiye bibi niliyekuwa namtafuta. Nikakimbia. Nyuma yangu nilimsikia ameanza, kwa Kimaasai, kwa sauti ileile ya mashineni, akiwaambia wanawake kwamba alichowaambia mwanzo wakitupe. Hakutafuta neno laini.

Nilimkuta bibi ameshapita maduka ya mbegu, anapandisha njia ya mlimani taratibu. Kimaasai changu ni cha kuombea maji ya kunywa. "Takwenya, koko," nikamsalimia, nikihema. "Iko," akaitikia, na hakusimama. Nikatembea naye. Nikamweleza kwa Kiswahili, na kwa mikono, na nikarudia bila haraka. Nikachora korongo na daraja kwa kidole kwenye vumbi, na hapo akasimama kutazama mchoro.

"Mwalimu amesema ningoje nyumbani," akasema.

"Mwalimu hakuwa ameambiwa, koko. Sasa ameambiwa. Yuko kule anawaambia wengine."

Alifikiri. Alitia fimbo yake pale nilipochora daraja, akaivuta upande wa kwake, mpaka kwenye geti. "Hapa nitasimama."

"Hapo."

Akarudisha fimbo, akaivuta tena kwa kinyume, kutoka getini kuja darajani, kutoka darajani kuja shuleni.

"Jioni nimesikia," akasema. "Na ikinyesha alfajiri? Asubuhi ni nani anawavusha?"

Nilitazama mchoro. Nilikuwa nimelisoma tangazo lile mpaka likachakaa. Lilisema kurudi, kurudi, kurudi. Zamani mvua ya alfajiri haikuwa na shida, maji yakijaa mtoto habanduki nyumbani. Sasa kuna daraja, watoto wataondoka, na upande wa kwao hakuna mwalimu wa kuwapanga mstari. Kamati haikuuliza. Wazazi wote walioleta maswali hawakuuliza. Mimi sikuuliza.

"Sijui, koko," nikasema. "Nitakuletea jibu."

"Ulete," akasema, na akaendelea kupanda na karai lake.

Niliporudi sokoni wanawake walikuwa wametawanyika. Mwalimu Mkuu alikuwa amerudi kwenye kreti, mkoba magotini, anahema kidogo kama mtu aliyetoka kubeba gunia. Nikamwambia bibi amesikia. Nikamwambia swali lake, neno kwa neno.

Hapo ndipo alipotabasamu, kidogo tu, upande mmoja. "Hiyo imefika," akasema. "Na jibu?"

"Sina, Mwalimu. Hata la kwako sina."

"Langu linaweza kungoja," akasema. "La koko haliwezi. Tazama mlima."

Nikageuka. Meru ilikuwa imefunikwa na mawingu mpaka mabegani, na pale tuliposimama jua lilikuwa bado linawaka.